Juisi Ikigeuka Divai Nyumbani: Dhambi Inaanza Siku Gani?

 



Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa jamaa zetu alinifuata hadi nyumbani akiwa amebeba boksi kifuani, limefunikwa kwa kitenge cha mama yake. Nilidhani ameniletea vitabu. Alipofungua, ndani mlikuwa na mfuko wa juisi nzito ya zabibu, nyeusi kama asali ya msituni, pamoja na vijifuko vidogo vyenye namba na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa. Shemeji yake anayekaa Ubelgiji ndiye aliyempelekea kwa mkono wa msafiri. Karatasi ilisema hivi kwa ufupi: mimina juisi katika chombo safi, ongeza sukari na maji hadi lita 23, tia hamira, funika, ngoja siku saba. Utapata chupa 30 za divai nyekundu.

Kijana huyu si mlevi. Namjua tangu alipokuwa madrasa akihifadhi juzuu Amma. Duka alimokuwa akifanya kazi lilifungwa baada ya vita vya Januari 2025, mwezi uleule mabenki ya mji wetu yalipofunga milango, na nyuma yake yuko mama mjane na wadogo watatu wanaosoma. Akaniambia: "Maalim, mimi sitaonja hata tone. Nitawauzia wasio Waislamu, ambao dini yao haiwakatazi. Tena nikitia maji katika juisi nimekosa nini? Sukari ni ya sokoni. Hamira ni ndugu ya ile mama anayotia katika mandazi. Mimi nafunika bidoni tu, kisha nalala. Kinachofanyika mle ndani sikifanyi mimi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Ningeweza kumjibu neno moja, haramu, naye angebeba boksi lake akaenda. Lakini mtu aliyekuja kuuliza kabla ya kutenda anastahiki zaidi ya neno moja. Na swali lake si lake peke yake. Kila nyumba ya mji huu yenye bidoni ya juisi imeshalikuta, hata kama haijawahi kusikia habari ya maboksi kutoka Ulaya.

Tuanze na lile lililo jepesi. Wapo wanaosema kwamba khamri iliyoharamishwa ni ya zabibu, na kwamba vinywaji vyetu vya hapa ni vyakula vya mababu. Nani katika Kivu asiyejua kasiksi? Ndizi hufukiwa shimoni au kuwekwa juu ya moto mpaka ziive vizuri, humenywa, hukamuliwa pamoja na majani makavu, maji huongezwa. Kinachotoka ni mutobe, kinywaji kitamu ambacho mtoto mdogo anakunywa na mama yake akifurahi. Kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo kikafunikwa, na baada ya siku mbili au tatu mutobe ule ule umekuwa kasiksi, na baba aliyekunywa vikombe vitano anagombana na mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Sasa tumtazame Anas bin Malik (r.a.). Siku khamri ilipoharamishwa alikuwa kijana anayewahudumia watu nyumbani kwa Abu Talha huko Madina. Mpiga mbiu alipopita, akaamriwa atoke akamwage, na vinywaji vikatiririka katika vichochoro vya mji. Na kinywaji walichokuwa nacho siku ile, kama ilivyopokewa katika Bukhari, hakikuwa cha zabibu. Kilikuwa fadikh, kinachotengenezwa kwa tende. Hakuna aliyesimama kusema, subirini, hii yetu si ya zabibu. Baadaye Umar (r.a.) alieleza juu ya mimbari kwamba khamri ya wakati ule ilitokana na vitu vitano, yaani zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akaifungua maana kwa upana wake: khamri ni kila kinachoifunika akili. Na Abu Musa (r.a.) alipouliza juu ya vinywaji vya kwao Yemen, kimoja cha asali na kingine cha nafaka, hakupewa orodha ya mimea. Alipewa kipimo kimoja: kila kinacholewesha ni haramu.

Ni kweli kwamba Imam Abu Hanifa na wanazuoni wa Kufa waliitofautisha ya zabibu na nyingine katika baadhi ya hukumu, na wasomi wenzetu wanalijua hilo. Lakini Imam Malik, Imam Shafii na Imam Ahmad hawakukubaliana nao, na hapa kwetu Afrika ya Mashariki tumeshika njia ya Shafii. Kwa hiyo ndizi, mtama, nanasi na zabibu za boksi ziko katika mizani moja.

Kuna riwaya nyingine katika Abu Dawud ambayo kila nikiisoma nawaona watu wa milima yetu. Daylam al-Himyari (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba nchi yao ni ya baridi, kazi zao ni nzito, nao hutengeneza kinywaji cha ngano kiwape nguvu. Tazameni, ndugu zangu: huyu hakuja na starehe, alikuja na baridi na kazi. Mtume (s.a.w.) hakumkejeli wala hakubisha kwamba baridi ipo. Aliuliza jambo moja tu, kama kinywaji hicho kinalewesha. Alipojibiwa ndiyo, akawaamuru wajiepushe nacho.

Basi hukumu ya chupa ya siku ya nane haina utata. Lakini kijana wangu hakuuliza juu ya siku ya nane. Aliuliza juu ya siku ya kwanza. Juisi ni halali, sukari halali, maji halali, hamira halali, bidoni halali. Ukizikusanya halali tano, haramu inaingilia mlango gani?

Hapa inafaa tujue nini hasa hufanyika mle ndani. Hamira, ile ambayo sisi hapa tunaiita levire, ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha jambo hilo kwa majaribio yake katika karne ya 19. Kabla yake wengi walidhani juisi inaoza tu yenyewe. Viumbe hivyo hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya kaboni. Gramu kama 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo, kwa hiyo juisi ya zabibu yenye gramu 200 kwa lita hufika karibu na asilimia 12. Na ile hewa inayotoka kwa mapovu, sisi watu wa Goma tunaijua kuliko wengi. Ndiyo hewa kuu iliyomo katika mazuku, ile inayolala mabondeni chini ya Nyiragongo na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto, bila harufu wala kelele. Katika bidoni ni kidogo na haina madhara hayo, ila inaweza kuipasua ukiikaza kifuniko. Nasema hayo ili mtu asidhani kwamba mle ndani hakuna kitu kinachofanyika kwa kuwa kumekaa kimya.

Hamira hiyo hiyo katika unga hufanya kazi hiyo hiyo. Mkate nao huzaa kileo kidogo, na moto wa tanuri hukifukuza karibu chote. Ndizi iliyoiva sana ina chembe zake pia. Usije ukamkuta ndugu ameacha kula mkate kwa kusoma karatasi hii! Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kitu ambacho kingi chake kinalewesha, basi hata kichache chake ni haramu. Kula mikate mpaka tumbo likatae, hutalewa. Kunywa mutobe wa asubuhi hii mpaka ushindwe kusimama, utakuwa umeshindwa kwa shibe. Lakini kikombe kimoja cha kasiksi ni haramu ijapokuwa hakijakulewesha wewe, kwa sababu vitano vitakulewesha.

Na chombo je? Wajumbe wa kabila la Abdul-Qays walipomjia Mtume (s.a.w.), aliwakataza kuloweka vinywaji vyao katika vyombo vya namna nne: kibuyu, mtungi uliopakwa rangi, chombo kilichopakwa lami, na gogo la mtende lililochongwa. Wanazuoni wameeleza sababu: vyombo hivyo huharakisha kuchachuka, na mtu hunywa kileo pasipo kujua. Watu walipokwisha kuizoea hukumu, katazo la vyombo likaondolewa, kama ilivyo katika hadithi ya Burayda (r.a.) katika Muslim. Wakaruhusiwa kutumia chombo chochote, mradi wasinywe kinacholewesha. Kwa hiyo dhambi haikukaa katika kibuyu. Wala haikai katika bidoni ya kijana wangu, hata ikiwa na kile kibomba cha kutolea hewa kilichokuja ndani ya boksi.

Imekaa wapi, basi? Mimi naona jibu limo katika jambo la nyumbani kwa Mtume mwenyewe. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba zabibu kavu zililowekwa kwa ajili ya Mtume (s.a.w.) katika maji, akanywa siku ile, na kesho yake, na siku ya tatu mpaka jioni. Kilichobaki baada ya hapo huamrishwa kinywewe na wengine au kimwagwe. Bibi Aisha (r.a.) naye amesimulia kwamba walikuwa wakiloweka asubuhi akanywa jioni, wakiloweka jioni akanywa asubuhi. Tunajifunza nini? Kwamba nyumba ile ilikuwa na kinywaji kilekile ambacho kingeweza kuwa khamri, katika chombo kilekile, kwa matunda yaleyale. Kilichowatofautisha na nyumba ya mlevi ni kwamba wao walikuwa wakihesabu muda ili wauwahi. Mwenye boksi la siku saba naye anahesabu. Lakini anahesabu ili usimpite.

Hapo ndipo nilipomjibu kijana. Unasema hufanyi chochote, unalala. Kungoja nako ni kutenda, mwanangu. Mkulima wa Masisi akishafukia mbegu za viazi harudi kuzivuta zikue. Analala, mvua inanyesha, udongo unafanya kazi yake. Siku ya kuvuna umemsikia wapi akisema viazi hivi ni vya udongo? Anasema viazi vyangu, na bei anaipanga yeye. Wewe siku ya nane utazihesabu chupa 30 na kusema zangu. Ikiwa kazi haikuwa yako, bei yake unaichukua kwa haki gani? Na mtu aliyeacha mbabula ya makala inawaka katika chumba kilichofungwa huku watoto wamelala, akijua moshi ule unaua, asubuhi akisema nami nilikuwa usingizini, nani katika kartie atamkubalia?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: lakini boksi lenyewe linauzwa kama juisi.

Ni kweli, na ujanja huo si wa leo. Marekani ilipopiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920 mpaka 1933, wakulima wa mizabibu wa Kalifonia walikuwa bado na zabibu zao. Wakazikausha wakazigandamiza kama matofali, na matofali hayo yakauzwa kihalali kwa kutengenezea juisi nyumbani. Juu yake kulikuwa na onyo. Mnunuzi alitahadharishwa asije akaliyeyusha tofali katika maji, akaliweka ndani ya mtungi kabatini kwa siku 20, maana litageuka divai! Tahadhari hiyo ilifundisha kila kitu: kipimo, chombo, mahali na siku. Muuzaji hakuvunja sheria, mnunuzi alinunua juisi, na nchi nzima ikanywa divai ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Sisi Waislamu tusicheke sana. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 163, tumesimuliwa habari za mji wa pwani ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki wakawa wanakuja kwa wingi siku hiyohiyo. Wafasiri wanaeleza kwamba baadhi yao waliweka mitego kabla ya Sabato na kukusanya baada yake. Siku ya Sabato yenyewe mikono yao ilikuwa mitupu. Walilala. Ni nyavu zilizovua. Nanyi mnaujua mwisho wao.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu boksi la Ubelgiji ni moja, na bidoni za juisi katika mji wetu hazihesabiki. Mimi mwenyewe, Ramadhani moja miaka mingi nyuma, nilitengeneza juisi ya nanasi na maganda yake kwa ajili ya futari, lita 20, nikaiweka pembeni ya jiko kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika siku nyingi. Siku ya kwanza tamu. Siku ya pili tamu zaidi, ina ukali fulani unaochangamsha ulimi, wageni wakaisifu. Siku ya tatu nilipofungua kifuniko kikanitoka mkononi kwa kishindo. Mke wangu akanusa, akanitazama, akaichukua bidoni na kuimwaga uani bila kuniuliza. Nilikasirika. Sukari ile ilikuwa ya pesa. Mpaka leo najiuliza juu ya jioni ya siku ya pili. Siku ya tatu sikujua, naomba Mungu anisamehe kwa kutojua. Lakini siku ya pili ulimi wangu uliniambia kitu, nami nikajimiminia kikombe kingine ili nisiusikie.

Ndugu zangu, kuna mtu asiyejua, naye ana udhuru. Kuna mtu anayejua na kukusudia, naye hesabu yake iko wazi. Katikati yao yuko mtu asiyetaka kujua, na naogopa kwamba wengi wetu tumo humo. Muuza juisi ya maracuja na tangawizi ana wateja wanaopenda ile iliyolala. Wanauliza, ya jana ipo? Hajatia hamira yoyote. Lakini hamira imo katika maganda ya matunda yenyewe na hata katika hewa, na anajua kwa nini ya jana inaisha haraka kuliko ya leo. Haonji, kwa sababu akionja atalazimika kumwaga. Huyo anamzidi kijana wangu kwa nini?

Wala tusiushike muda wa siku tatu kama hirizi. Zile zilikuwa zabibu kavu ndani ya maji, hazikutiwa hamira ya kiwanda. Ukiitia levire katika juisi, kileo kinaanza ndani ya siku moja. Goma yetu, iliyo juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, haina joto la Kisangani, kwa hiyo juisi hapa huchelewa kidogo, na mtungi uliowekwa kando ya jiko huwahi kuliko uliowekwa barazani. Wanazuoni wametazama dalili: mapovu yanayopanda yenyewe, mlio, ladha iliyogeuka, ukali. Ukiziona siku ya pili, siku ya tatu haikungojei.

Nirudi kwa kijana, maana alikuwa na hoja nyingine, ya kuwauzia wasio Waislamu. Hapa sikuwa na la kutafuta sana. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah inawataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri, na mnywaji ni mmoja tu. Wamo anayekamua, anayeagiza ikamuliwe, anayebeba, anayebebewa, anayeuza, anayekula thamani yake. Kijana alitaka kuwa wanne au watano kati ya hao kumi ili asiwe yule mmoja. Na hao wasio Waislamu anaotaka kuwauzia, tusiwafanye jaa la kutupia tusichokitaka nyumbani kwetu. Wao ni majirani. Wasabato na Wakimbangu wanakataza pombe kama sisi. Mke anayepigwa usiku na mume mlevi hapigwi kidogo zaidi kwa kuwa anasali Jumapili.

Lakini yupo mtu ambaye sikumlinganisha na kijana, naye ni mama wa jirani anayetengeneza kasiksi. Si Mwislamu, na alikimbia kijiji chake akaacha migomba yake. Bidoni mbili kwa wiki ndizo zinazolisha watoto wake. Wapo kati yetu wanaopita mlangoni pake wakitema mate. Mimi sitatema. Nitamwambia mwanangu asinywe pale, nami nitamwamkia yule mama.

Sasa tufike penye uchungu wenyewe. Kijana aliuliza mwishoni, kwa sauti ndogo: "Basi wadogo zangu watakula nini?"

Mnamkumbuka Abu Talha (r.a.), mwenye nyumba ile ambamo Anas alimwaga vinywaji? Huyo huyo alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na swali linalofanana na hili. Kulikuwa na mayatima waliorithi khamri. Ilikuwa mali yao, pengine ndiyo mali kubwa waliyoachiwa. Akaambiwa aimwage. Akauliza kama anaweza kuigeuza iwe siki, maana siki ni halali, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri. Akaambiwa hapana. Mali ya mayatima ikamwagwa chini. Wengi husoma hadithi hii kujifunza fiqhi ya siki, kwamba ikijigeuza yenyewe ni safi na mtu akiigeuza kwa kuitia kitu wanazuoni wa Shafii hawakubali. Mimi huisoma nikiwawaza wale mayatima jioni ile. Hukumu ilitoka kwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa yatima, na ambaye hakuna aliyewaombea mayatima haki kuliko yeye. Aliwamwagia mali akiwa amesimama pamoja nao. Je, sisi tunaomwambia kijana amwage, tumesimama wapi?

Niliona haya. Tumeketi safu ya kwanza na kijana huyu kwa miezi mingi bila kuuliza duka lilipofungwa anakula wapi. Shemeji wa Ubelgiji aliuliza, na boksi hili ndilo jibu alilokuwa nalo. Kosa la jibu lake lisifunike kwamba yeye aliuliza.

Usiku ule hatukumaliza neno. Kesho yake, baada ya Alasiri, alirudi na boksi na wadogo zake. Ule mfuko wa juisi haukuwa umetiwa chochote. Ulikuwa juisi ya zabibu na bado ni juisi ya zabibu. Tukaukoroga na maji yaliyochemshwa, tukawaita watoto wa jirani, pamoja na wa yule mama wa kasiksi, tukanywa mpaka ikaisha kabla ya Isha. Ilikuwa tamu mno, inachosha koo. Kijifuko cha hamira mke wangu alikitia katika unga wa mikate. Uliumuka polepole sana, tukala mikate migumu kidogo asubuhi, na hakuna aliyelalamika ila mimi. Kijifuko kingine kilikuwa na udongo laini wa kusafishia divai, na watoto wakaufinyanga mbuzi. Dawa ya kusimamisha mchachuko tuliitupa chooni.

Bidoni ndiyo iliyobaki, na kile kibomba. Ndugu wawili wa msikiti wamemkopesha pesa ya sukari na matunda bila riba, wa tatu amempa baridi ya friji yake kwa masaa ambayo umeme upo. Anatengeneza juisi ya maracuja alfajiri, anaosha bidoni kwa maji ya moto na limau, na jioni kilichobaki anawagawia watoto wa kartie. Wadogo wawili wamerudi shule. Wa tatu bado, karo haijatosha. Anaonja mwenyewe kila saa sita mchana. Wiki iliyopita alimwaga lita saba, nami nilimwona uso wake alipokuwa akimwaga.

Leo baada ya swala atakuwa nje ya lango, upande wa kuliani, na bidoni ya njano. Kikombe uje nacho wewe, maana vyake ni vinne tu.